Utakaa Wapi Redio Ikilia

Fahad, mjukuu wangu, alinijia juzi na swali analodhani ni jipya. Nyumbani kwao wana televisheni ya nyeusi na nyeupe, nzima kabisa, haijafa picha wala sauti, nimeitazama mwenyewe. Lakini jirani yao ameleta ya rangi, kubwa, na tangu siku hiyo nyumba ya kina Fahad haikaliki. Akaniuliza: wewe Babu ulikuwa fundi, tutoe kiasi gani, na hii ya zamani tuibadilishe sasa au tungoje ife? Nyuma yake walisimama vijana wenziwe, wote masikio, maana kila mmoja wao ana jirani.

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu nikijibu kwa mdomo bibi yake hunikatiza. Haya ndiyo majibu, Fahad, na wenzio wasome. Mtaniwia radhi nikizunguka. Fundi wa redio huanza kwa kufungua mgongo, hata kama mteja amekuja kulalamikia uso.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa gere, ule wivu wa kutamani cha mwenzio. Ujanani sikuificha na uzeeni siwezi tena kuificha. Wako wanaoona gere kwa mke wa mtu au kwa mashamba ya mtu. Mimi niliiona kwa sauti ya mtu. Na kazi yangu ilinizidishia. Fundi huingia nyumba za watu, akakuta kitu kizuri kimelala kimya, akakifuta vumbi, akakirudishia uhai, watu wakashangilia, kisha akafunga mkoba wake akarudi kwake ambako hakuna kinacholia ila mbu. Mganga hajigangi, wamesema wazee, na mimi naongeza kwamba mganga huyo usiku wake ni mrefu.

Nilijifunza kazi kwa Fundi Omari, Mungu amrehemu, katika kijiduka chake Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kati ya muuza halua na mshona kanzu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Amu, hii mnayoiandika Lamu, haikuwa na umeme wa majumbani. Redio zilikula betri kavu, nzito kama tofali, zikija kwa chombo kutoka Mombasa, na chombo kikichelewa mji mzima ulikuwa haujui habari. Ndani ya redio mlikuwa na vitaa vya kioo tukiviita valvu, na valvu hizo ndizo roho yenyewe. Katika mwezi wangu wa kwanza niligeuza nyaya za betri, ya huku nikaitia kule, valvu zote zikawaka mara moja kwa mwanga mweupe mzuri ambao sijauona tena, zikafa. Fundi Omari hakunigombeza. Alinipa ufagio, na kwa muda mrefu sikupewa kitu kingine. Siku aliponiamini tena alinipa bisibisi yenye mpini wa mpingo, na ninayo mpaka leo.

Basi jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba redio mbovu mara nyingi si mbovu. Mtu anakuja duka amekunja uso, anasema redio yake imezeeka, inakoroma, anataka mpya. Fundi Omari humwambia arudi nyumbani atungoje. Tunakwenda. Tunatazama waya wa kunasia mawimbi, ule wa juu ya dari: umelegea? umegusa makuti? umefungwa moja kwa moja kwenye boriti, sauti yote ikaingia ukutani? Sisi tulizifunga nyaya zetu kwa shingo za chupa zilizovunjika, maana kioo hakipitishi. Kisha tunatazama waya wa ardhini: umechomekwa pakavu? Tunauhamishia karibu na kisima, tunapamwagia maji. Kisha tunaiondoa redio kwenye ukuta wenye unyevu wa chumvi, tunaweka nyuma yake mkaa uliofungwa kwenye kitambaa. Katika wateja wengi, redio ile ile iliyokuwa inakoroma ilianza kusema kama mtu aliyepiga mswaki. Fundi Omari alikuwa hauzi redio mpya mpaka ameshindwa na waya, na ardhi, na mahali. Ndiyo maana hakutajirika.

Na kupanda darini kulikuwa na adabu yake. Ninyi mnapanda mnavyotaka na antena zenu. Kwetu dari, lile paa bapa la juu ya nyumba, ni ya wanawake. Huko ndiko wanakopika, wanakoanika nywele, wanakozungumza na nyumba ya pili bila buibui. Mwanamume akisimama juu ya dari moja anaona dari kumi. Kwa hiyo fundi hukaa kwenye ngazi, kichwa hakijatokeza, akaita, "Fundi yuu! Fundi yuu!" kisha hungoja mpaka asikie mitalawanda, vile viatu vya mbao vya wanawake, ikiteremka na milango ikifungwa, nyumba hii, na ile, na ile. Ndipo apande, afunge waya wake huku anatazama miguu yake. Aliyesahau kuita hakupandishwa dari ya mtu tena katika mui wa Amu.

Jambo la pili la Fundi Omari lilikuwa swali. Kila aliyekuja kununua redio, kabla ya bei, aliulizwa: ikilia, wewe utakaa wapi? Watu walijibu kila aina. Nitakaa kitini. Nitakaa mbali, nina masikio makali. Mimi nilidhani anauliza ili apime sauti, awajulie ukubwa unaowafaa.

Mkulima mmoja wa tumbaku kule Pate, nimwite Bwana Famau, alijibu kwamba atakaa mlangoni, watu wamwone. Tumbaku ilikuwa imemkubali mwaka ule na alitaka redio kubwa kupita zote. Tulimpelekea wenyewe, kwa mashua mpaka bandari ya Mtangawanda, na kutoka hapo juu ya punda, mimi nimeikumbatia kama mgonjwa. Ilipolia, Pate nzima ilijaa mlangoni kwake. Lakini redio kubwa ina tumbo kubwa. Betri zilipokwisha, Bwana Famau alikuwa amekwisha pia, na nilipopita huko baadaye mkewe alikuwa ameweka juu yake kuzi la maji. Siku ile tuliyoipeleka, njiani kurudi, Fundi Omari alikuwa ameniambia, "Lali, redio na punda ni wamoya. Bei hulipa mara moya. Nyasi hulipa kulla siku."

Nililisikia hilo vizuri sana. Na bado, wallahi, nilimwonea gere Bwana Famau. Redio yake imekufa, ina kuzi la maji juu yake, na mimi nikaona bora yeye mwenye maiti kuliko mimi nisiye na kitu.

Sasa nije kwenye nyumba yangu, ambayo si yangu. Mnajua desturi yetu: nyumba hupewa binti, na mume huhamia kwa mkewe na sanduku lake la nguo. Baba yake Mwanaesha, bibi yenu, alikuwa na mabinti wawili na nyumba mbili zinazotazamana, kichochoro katikati. Ya mbele alimpa Rukia, mkubwa. Ya pili akampa Mwanaesha. Juu ya kichochoro, ghorofani, nyumba hizo zimeunganishwa na wikio, kile chumba kilichopita juu ya njia kama daraja, ili wanawake wavuke kutoka nyumba hii hadi ile bila kuonekana na mtu. Mume wa Rukia alikuwa Bwana Shee, mfanyabiashara wa samli na nguo, mtu mnene mpole mwenye kucheka taratibu. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa wanyumba, waume wa ndugu wawili. Kati ya watu wote Mungu aliowaumba, hakuna ambaye mtu hupimwa naye kila siku kama mwanyumba wake. Akileta samaki, umeleta nini? Akinunua kanga, umenunua ngapi?

Mwanyumba akanunua redio.

Na nani aliyemfungia? Mimi. Nilikaa kwenye ngazi nikaita fundi yuu mpaka sauti ikakauka, nikapanda, nikavuta waya mrefu kutoka dari yake, juu ya wikio, hadi mlingoti niliousimamisha kwenye dari ya mke wangu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu zaidi. Nikauchomeka wa ardhini karibu na kisima. Nikaiwasha. Ikatoka sauti safi, taarabu, kinanda unakihesabu nyuzi. Mwanyumba akanishukuru, akanipa kahawa. Nikarudi kwangu nikiwa nimeridhika na kazi yangu, na ridhaa hiyo ilidumu mpaka Isha.

Nilipotoka msikitini kuja kwa mke wangu, nilikuta chakula kimefunikwa kwa kawa na nyumba tupu. Ngazi ilikuwa inanukia asumini. Mwanaesha alikuwa amevaa kikuba chake, kile kishada cha maua ya kifuani, akavuka wikio kwenda kusikiliza redio.

Mara ya kwanza nilikula nikalala. Lakini ikawa kila siku. Tulikuwa hatujatimiza mwaka katika ndoa, jamani. Wenzangu wa rika langu walikwenda barazani baada ya Isha, nao walikuwa wakinicheka kwamba mimi nimekuwa kuku wa kuatamia, sitoki. Nilistahimili dhihaka yao kwa kuwa nilitaka kukaa na mke wangu, nimsikie akisimulia mambo ya mchana, maana ana ulimi mtamu na akimwigiza mtu utadhani yupo. Na sasa kuku anaatamia peke yake, na mayai yamevuka wikio. Kupitia ukuta nilisikia salamu zikisomwa, fulani anamsalimu fulani, na wanawake wakicheka. Alikuwako msomaji mmoja ambaye Mwanaesha alimsifu mbele yangu, akasema sauti yake laini kama halua. Nilimwonea gere mtu ambaye sikuwahi kumwona, aliye Mombasa, asiyejua kama nimezaliwa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba koo lake, yaani redio ile, nililifunga mimi.

Lakini gere yangu hasa ilikuwa kwa mwanyumba. Kila nikitoka msikitini nilimkuta ameketi dakani pake, lile baraza la jiwe la mlangoni tunaloliita daka, kanzu nyeupe, kikombe cha kahawa pembeni, kichwa amekiegemeza kwenye mlango, macho amefumba, na redio inalia nyuma yake. Wapitao wanamwamkia. Yeye anaitika taratibu. Nilimtazama nikasema moyoni, mtazame bwana aliyeshiba: ana redio ndani, hata kuisikiliza kwa karibu haoni haja, anaitandaza mjini kama zulia. Nami napita mbele yake na mkoba wa bisibisi, nakwenda kula chakula kilichopoa.

Nilipomwambia Fundi Omari kwamba nataka redio yangu mwenyewe, aliniambia ninunue ndogo, yenye tumbo dogo, na kwamba betri zilizochoka za wateja ataniachia nizianike juani nizikamue zilizobaki. Kisha akauliza swali lake.

"Ikilia, weye utaketi wapi?"

Nilichukia. Nilimjibu kwamba mimi si mteja wa Pate, nitaketi kwangu na mke wangu. Akanitazama akaendelea kusugua nyaya.

Mwanyumba Shee naye nilimweleza, sijui kwa nini. Labda nilitaka ajue kwamba gere yangu ina mpango. Nilitarajia akunje uso. Badala yake alichangamka kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto wa kiume. Aliniketisha, akanimiminia kahawa mwenyewe.

"Mwanyumba, nunua kuu," akasema. "Ukinunua ndogo utanunua mara mbili. Nunua iliyo kuu kuliko yangu, mimi sitaona vibaya."

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mwanyumba anataka kushindwa. Mimi nilijiambia kwamba sasa ameogopa, anajikomba. Nilikuwa na minazi ya urithi wa marehemu baba huko Pate. Nikauza kiasi cha kutosha, nikaagiza redio ya mbao nyekundu iliyong'aa, yenye kitambaa cha dhahabu mbele na jicho la kijani linalofumba ukipata kituo barabara. Ilipofika bandarini watu waliifuata mpaka mlangoni. Nilimwona mwanyumba katikati yao, anacheka kwa raha, na nikaona kwamba ameshindwa vizuri.

Nikafunga waya wangu kwenye mlingoti wangu. Jioni ile nilitoka msikitini mbio mbio, viatu karibu nivisahau. Nilipanda ngazi. Msana, ule ukumbi mrefu wa ndani, umefukizwa udi. Mwanaesha yupo, kikuba kifuani, jicho la kijani limefumba, na taarabu imejaa nyumba hadi kwenye vidaka vya ukutani vyenye sahani za kale. Nikavua kofia. Nikatafuta pa kukaa. Na hapo nikasikia mitalawanda ikija kutoka upande wa wikio, si ya mtu mmoja wala wawili.

"Lali," akasema Mwanaesha, "shuka tini. Wake wanakuya."

Mnajua ninyi, na mimi nilijua, kila mtoto wa Amu anajua: wanawake wa watu wakiingia ndani, mume hutoka. Nilikuwa nimelijua hilo tangu nikinyonya. Lakini gere inamfanya mtu aone kitu kimoja tu kwa wakati. Nilikuwa nimemwona mwanyumba ameketi dakani, na sikujiuliza nani aliyemketisha.

Nikashuka. Nikakaa kwenye daka la nyumba ya mke wangu, juu ya jiwe, na mlango ukafungwa nyuma yangu. Ng'ambo ya kichochoro, daka la mwanyumba lilikuwa tupu. Kwa mara ya kwanza tangu anunue redio, mtu hakuwapo. Kutoka dirishani kwake juu nilisikia redio yake ile ya awali, ndogo, inasoma habari polepole, na yeye na Rukia wanazungumza. Kumbe Rukia hakuvuka na wenzake siku ile, alibaki na mumewe. Mimi nilisikia yangu kwa mbali, kupitia mbao nene za mlango, maneno hayakamatiki. Nikaegemeza kichwa mlangoni, nikafumba macho ili nisikie vizuri. Mtu mmoja akapita akaniamkia kwa heshima, akaniambia hongera kwa neema. Nikaitika taratibu.

Baadaye mwanyumba aliteremka, akanivukia na kahawa. Alingoja nimalize kikombe kizima. Kisha akaniambia kwamba tangu aifungue redio ile hajapata kuisikia habari moja mpaka mwisho, na kwamba mgongo wake unalijua jiwe la daka lile kama godoro, na kwamba alikuwa akiniona napita kwenda zangu ndani, kwenye nyumba tulivu, hakuna wa kunitoa, akanionea gere mpaka akakosa usingizi.

"Kuvuya kwa pakacha, nafuu kwa mtukuzi," akasema, akacheka taratibu, akarudi kwake, akapanda juu.

Nilimchukia kuliko nilivyomchukia alipokuwa na redio peke yake. Sasa alikuwa na redio na mke na kiti, vyote chini ya dari moja. Nami nilikuwa na minazi pungufu. Na kupitia mlango nilisikia kicheko cha Mwanaesha, kile cha kuigiza watu, ambacho nilikitaka kwa ajili yangu, kinagawiwa vikongwe wa mtaa mzima. Niliwaonea gere vikongwe, Mungu anisamehe, wengine wao hawakuwa hata na meno.

Wiki nzima nilivumilia, kisha nikamlalamikia mke wangu. Nikamwambia kwamba redio nimenunua mimi, kwa minazi ya baba yangu, na sijaisikia. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Redio ni yako," akasema. "Nyumba ni yangu, na wageni ni wa nyumba."

Na ni kweli. Mwenye nyumba hawafukuzi wageni wake. Ingekuwa aibu kwake na kwa mama yake aliyemlea. Nikarudi dakani.

Fahad, hapa ndipo jibu lako lilipo, usilipite. Kabla hamjabadilisha televisheni, tazameni waya wa nje, na umeme wenu, na pale mlipoiweka. Jua la dirishani likipiga kioo hata ya rangi hamtaiona. Mkishafanya hayo na bado hamkuridhika, hesabuni nyasi zake, si bei yake tu. Badilisheni watu wa nyumba wakibadilika, wakiongezeka au mzee akianza kupoteza macho, msibadilishe kwa kuwa jirani amebadilisha. Hilo ndilo nililowaambia wateja wangu mpaka nikastaafu, na asilimia ndogo sana walinisikia, nami sikuwalaumu, maana najua gere inavyouma. Lakini swali la Fundi Omari msilipuuze kama nilivyolipuuza mimi. Ukubwa wa chombo ndio wingi wa watu kitakaowaleta, na mtu akikushauri kwa furaha ununue kikubwa, mtazame kwanza yeye ameketi wapi.

Nilibakisha jambo moja, nalo bibi yako hajui kwamba naliandika.

Ilikuwa jioni kama zile nyingine. Nimetoka msikitini, nimekwenda kwenye jiwe langu moja kwa moja, sikupanda hata ngazi. Wanawake walikuwa wamekwisha kuvuka. Nikaegemeza kichwa mlangoni, nikafumba macho, na sikusikia kitu. Nikangoja. Nikasikia sauti za kuulizana, kisha kimya, kisha mitalawanda inarudi kwenye wikio, yote, inaelekea upande wa pili. Haikupita muda mlango wa mwanyumba ukafunguliwa, naye akatolewa, kikombe mkononi, akaketi kwenye daka lake la zamani akinitazama.

"Fundi," akaniambia, "redio yako ina nini? Habari zilikuwa ndiyo kwanza zaanza."

Nikamwambia sijui. Akanisihi nipande nikaitazame, haraka, ikiwa nina huruma. Nilichukua mkoba wangu nikapanda, na ninakiri kwamba njiani nilikuwa nahesabu valvu: ipi itakuwa imeungua, na nitaipata wapi kabla ya chombo cha Mombasa. Msana ulikuwa na taa moja. Udi ulikuwa umefukizwa. Nikapiga magoti nyuma ya redio, nikatoa bisibisi ya mpingo, nikafungua mgongo.

Valvu zote zilikuwa nzima. Betri ilikuwa mpya, niliitia mwenyewe juzi yake. Lakini waya wa betri ulikuwa umechomolewa mahali pake, wala haukukatika wala haukutafunwa na panya. Ncha yake ilikuwa imefungwa kwa kitambaa kidogo cha kanga, kikazungushiwa uzi, kikapigwa fundo zuri, namna wanavyofunga ubani wa kuweka.

Nikageuka. Mwanaesha alikuwa ameketi mkekani, kikuba chake kifuani. Mbele yake palikuwa na sinia lenye buli la kahawa, kisahani cha halua, na vikombe viwili.

"Yeo usitengeze, Lali," akasema. "Tengeza kesho."

Kutoka chini, kichochoroni, mwanyumba alipaza sauti kuuliza kama imepona. Nilimjibu kupitia dirishani kwamba imeharibika vibaya sana, kisha nikairudisha bisibisi mkobani.